Mama Quarante-Sept

Wanawake wengine huonea wivu mwanamke mwenye jina, mwenye sura, mwenye kitenge unachoweza kukishika na kukivuta sokoni mbele za watu. Eugénie hakupata bahati hiyo. Wivu wake ulianzia kwenye karatasi.

Mumewe, Valentin, alikuwa assistant, mhadhiri msaidizi, wa saikolojia kwenye chuo kimoja cha Goma. Tangu mwezi wa sita alikuwa akifanya anketi, utafiti wa nyumba kwa nyumba, huko mtaa wa Mabanga: maswali ishirini na moja juu ya huzuni nzito, wasiwasi na stress, kwa watu ambao vita vilipita juu ya mabati yao na asubuhi yake wakaamka kutafuta maji kama kawaida. Kila swali lilihusu wiki moja iliyopita. Ulishindwa kutulia? Ulikosa nguvu ya kuanza kazi? Moyo ulikimbia wakati wewe mwenyewe umekaa? Mtu alijibu kwa namba, kuanzia zéro, maana yake haikunigusa hata kidogo, kupitia un na deux, moja na mbili, mpaka trois, yaani tatu, maana yake hicho ndicho chakula changu cha kila siku.

Kazi nzuri, nani atakataa. Ila Valentin alirudi nyumbani Murara kila jioni kama gunia lililomwagwa unga wote. Alivua viatu mlangoni, akanawa vumbi jeusi la miguuni, akakaa. Watoto walimwita, akaitikia kwa nyusi. Eugénie alimweka sahani mbele, akasubiri. Aliuliza jambo moja tu: chumvi iko wapi.

Eugénie aliuza fromaji, zile jibini za mviringo za Masisi, kwenye soko la Virunga. Alijulikana kwa kicheko kuliko kwa fromaji. Mteja akibonyeza jibini kwa kidole, humwambia, "Papa, hiyo si shavu ya mutoto, nunua ao uache!" na meza tano za jirani zinaanguka kwa kucheka. Barabara ya Masisi ikifungwa, jibini zikakosekana siku nne, Eugénie hukaa nyuma ya meza tupu na kuuza utani bure. Watu walisema yule mama hana shida. Yeye mwenyewe aliwasaidia kusema hivyo.

"Kichwa iko inaniuma," alimwambia mumewe jioni moja.

"Kunywa paracétamol."

"Mama ya Mabanga akisema kichwa inamuuma, unafungua dossier. Mimi, paracétamol."

"Eugénie, ile njo kazi."

"Leo uliuliza watu ngapi namna walilala?"

"Kumi na moja."

"Na Olive? Naye ulimuuliza?"

Olive alikuwa mwenzake kazini, ndiye aliyezungumza na akina mama, kwa sababu akina mama hawamwambii mwanaume kila kitu. Eugénie hakuwa amemwona. Alimjua kwa simu tu. Simu ikilia, Valentin aliyekuwa hana neno hata la kumfukuza kuku aliinuka, akatoka nje, na kule nje maneno yakapatikana. "Ya leo ilikuwa nzito, Olive. Kweli. Pole sana. Ulikula lakini?" Ulikula lakini! Eugénie alisimama na mwiko mkononi, akahesabu ni lini mtu alimuuliza yeye kama amekula. Alipika, bila shaka alikula, ndivyo wanavyofikiri.

Nafasi ya kumwona Olive ililetwa na Mama Rosette, mwenye meza ya chumvi na sabuni kando yake, mkaaji wa Mabanga, mwanamke asiyepitwa na foleni.

Nyumba za anketi zilichaguliwa kwa kura, na kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa jeton, kikaratasi kigumu chenye namba. Watafiti walipaswa kufikiri mara mbili. Goma, jeton ni jeton. Mtu akipewa jeton, kichwani mwake anaona unga, mafuta, bâche ya kufunika paa. Mama Rosette alipata yake akaificha kifuani siku mbili, akaja sokoni amevimba kwa furaha. Siku ya tatu akapata habari kamili.

"Eti ni maulizo tu!" alisema, akaitupa ile jeton juu ya fromaji. "Hakuna unga. Hakuna hata sabuni. Mutu anakukalisha saa nzima anakuuliza kama unasikiaka huzuni. Na mi nikimwambia ndiyo, atanipa nini? Huzuni ingine?"

"Ni nani anauliza?"

"Mama moja, Olive."

Eugénie aliitazama jeton. Ilikuwa namba 47, quarante-sept.

"Nipatie, niende ku nafasi yako."

"Weye? Weye uko na shida gani ya kueleza?"

"Niko napenda kusema, si unajua."

"Kwenda basi! Uniambie tu kama walitoa ata soda."

Ndivyo Eugénie alivyokwenda Mabanga, na kitenge kipya, na hereni, kama mtu anayekwenda kumwona mke mwenziye. Alikuwa amemtengeneza Olive kichwani tangu zamani: mrefu, shingo ndefu, manukato, sauti ya redio. Katika chumba cha parokia alimkuta mwanamke mfupi mwenye kikohozi, sandali zimeshonwa kwa waya, doa la maziwa ya mtoto begani.

Roho haikutulia. Ilizidi kuchafuka. Angekuwa mzuri, ungeelewa; ungesema wanaume ndivyo walivyo, ungerudi nyumbani ukalia kwa heshima. Lakini mwanaume anayetoka nje kwenda kusikiliza kikohozi hiki, anafuata nini?

Alielewa kabla ya swali la saba. Maswali sita ya kwanza aliyajibu zéro, zéro, zéro, na utani juu. Olive alicheka pale palipochekesha. Halafu aliacha kuandika, akangoja. Hakuharakisha, hakutazama simu. Alimtazama Eugénie kama vile mji wote umekwenda kulala na wamebaki wao wawili na muda.

"Kwa wiki moja yenye kupita," akauliza, "moyo ilikimbia na weye haukufanya kazi ya nguvu?"

Eugénie alikuwa na zéro yake tayari mdomoni. Kilichotoka ni trois.

Na baada ya hiyo trois, mlango ukawa umevunjika. Kushtuka, trois. Kushindwa kutulia, trois. Kuona mbele hakuna kitu cha kungojea, deux; hapana, andika trois. Alipofika swali la ishirini na moja hereni zilikuwa mkononi mwake, hakujua alizivua saa ngapi.

Mwishoni kulikuwa na nafasi tupu. Kuna kitu unataka kuongeza?

"Andika," alisema Eugénie. "Andika hivi: mi ninachekesha watu ku soko, juu ya vile nikinyamaza mikono inatetemeka, na watu wataiona. Tangu ile siku ya mabomu, pikipiki ikipiga kelele ninakaa chini, ata kama hakuna kiti. Ninajifanya ninaokota kitu. Niliokota vitu mingi ya bure mwaka huu. Na andika kama niko na bwana. Anauliza mji muzima namna walilala. Mimi ninalala kando yake, sentimètre kumi, na anaonaka tu mugongo."

Olive aliandika yote. Hakuuliza jina, fomu hazikuwa na majina, namba tu. Akamshika mkono kidogo, akamwambia pole, na kwamba huenda wakamwita tena.

Eugénie alirudi sokoni. "Walitoa soda?" akauliza Mama Rosette. "Hapana," akajibu. Alikuwa amesahau kabisa kumchukia Olive, na jambo hilo lilimuudhi.

Wiki moja ikapita. Jioni ya Jumamosi Valentin alikuwa mezani na fomu zake, akiingiza namba kwenye kompyuta, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikipoa pembeni. Ghafla akaweka kalamu chini, akasema, bila kuulizwa na mtu:

"Kuna mama moja..."

Eugénie aligeuka. Miezi mitano hajasikia sentensi ikianza hivyo.

"Simujue," aliendelea Valentin. "Ni namba tu. Quarante-sept. Lakini namna anasema, Eugénie! Nilisoma fomu mia moja na ngapi, watu wanasema 'niko na mawazo', basi. Huyu anasema anaokotaka vitu ya bure. Yaani... siwezi kukuambia, ni siri. Lakini huyu mama iko na akili. Na anateseka. Na hakuna mutu anajua."

Moyo wa Eugénie ulikimbia, na safari hii kwa furaha. Amenisoma! Alingoja amalizie, ainue macho, amtambue. Valentin aliinua macho kweli. Yalikuwa yanang'aa. Yalimpita Eugénie sikio la kushoto, yakaenda kutua ukutani, huko aliko Mama Quarante-Sept.

"Ni muzuri?" akauliza Eugénie.

"Nakuambia simujue. Ni karatasi."

"Karatasi njo inakuachisha sombe?"

"Na bwana yake ni mujinga ya mwisho."

"Aa! Unamujua huyo bwana?"

"Mutu anaishi na bibi kama huyo na haoni kitu? Ni mujinga. Ni jiwe."

"Labda iko na kazi mingi," alisema Eugénie, akashangaa kujisikia anamtetea. "Labda anarudiaka amechoka."

"Hapana. Hakuna kazi ya vile." Akavuta sahani, akala sombe baridi kwa hamu, kama mtu aliyepata habari njema.

Wangapi wameonja wivu wa namna hii? Kumwonea wivu mwanamke ambaye kitenge chake umekivaa wewe. Kuanzia siku ile waliishi watatu katika nyumba ile ya mbao. Eugénie akisema kitu cha busara, Valentin alijibu, "Ungesikia Mama Quarante-Sept." Eugénie akinyamaza, hakuona. Akichekesha, alicheka, akampiga bega kama mtu anayepiga tairi ya gari kuona kama ni nzima. "Weye uko solide, Eugénie. Kama watu wote wangekuwa kama weye, mi ningekosa kazi."

Solide! Yule mwingine ana ruhusa ya kuvunjika, anasomwa mara mbili, anafikiriwa njiani. Huyu wa nyumbani ni solide kama jiwe la volkano, unajengea choo. Alitamani kumwambia, ni mimi, mpumbavu wewe. Lakini kumwambia ilikuwa ni kushindwa. Alitaka aulizwe. Kama mtu hawezi kukuuliza mpaka umwoneshe namba, basi ameuliza namba.

Kisha Olive akatumwa Rutshuru kuanza sehemu ya pili ya anketi, na wale waliokuwa na alama za juu wakabaki bila wa kuwaona kwa mara ya pili. Valentin atawapokea yeye mwenyewe, Alhamisi, parokiani. Habari ilipita kwa chef d'avenue, mkuu wa mtaa, naye aliipeleka kwenye nyumba zilizopewa jeton.

"Eugénie!" Mama Rosette alikuja sokoni mbio, leso inadondoka. "Ulisema nini kule ku jina yangu? Chef amekuja mbele ya majirani eti naitwa ku mambo ya kichwa! Shemeji yangu ameanza kuniongelesha polepole kama mutoto!"

"Pole, mama yangu. Nilisema tu vile."

"Alhamisi, saa ine ya asubui, enda umalize vitu yako! Na uwaambie mi kichwa yangu iko nzima!"

Alhamisi asubuhi Valentin alitoa shati la bluu, lile alilovaa akitetea mémoire, tasnifu yake ya chuo. Akauliza pasi iko wapi.

"Ni fete gani, kuna harusi?"

"Leo nitamuona Mama Quarante-Sept."

Eugénie alichukua pasi, akaweka makaa, akalinyosha lile shati mwenyewe, kola, mikono, vifungo, akibonyeza kwa nguvu kama anayemnyosha mtu. Kila kunjo lilikuwa la mwanamke mwingine. Mara ya mwisho mume wake kuvaa shati hili kwa ajili yake ilikuwa siku ya picha ya ubatizo wa kitinda mimba.

"Utamuuliza nini?" akasema.

"Nitaanza tu kumuuliza iko aje. Kweli kweli. Na nitangojea."

"Vizuri," alisema Eugénie. "Endaka."

Eugénie alifika parokiani saa nne kasoro dakika chache, bila hereni. Mlango ulikuwa wazi. Valentin alikuwa amepanga viti viwili, akavisogeza, akavirudisha. Alipomwona mkewe alitabasamu kwa haraka, lile tabasamu la kumtoa mtu njiani.

"Eugénie? Watoto wako na nini?"

"Watoto wako masomoni."

"Basi ungojee inje kidogo. Kuna mutu anafika."

"Ameshafika," alisema Eugénie, akakaa kwenye kiti, akaweka jeton mezani.

Valentin alisoma namba. Akatazama mlango, labda mwenyewe anakuja nyuma. Akasoma tena.

"Ulitoa wapi hii?"

"Kwa Mama Rosette. Alifikiri ni ya unga."

Na hapo, Mungu amsamehe, mtafiti alitangulia mume. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Walibadilishana jeton? Wangapi walibadilishana? Nyumba zilichaguliwa kwa kura, Eugénie! Sampuli yangu yote..."

"Ona mutu," alisema Eugénie polepole. "Bibi yake iko trois, yeye analilia sampuli."

Akasimama. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyengoja mlangoni hata akasahau alikuja kudai nini. Alikuwa amefika kizingitini Valentin aliposema:

"Uliokota nini?"

Aligeuka.

"Uliandika uliokotaka vitu," alisema Valentin. Sauti yake haikuwa ya kazini, wala ile ya kuulizia chumvi. "Ile siku tulikuwa tunatoka ku misa, pikipiki ikapita, ukakaa chini. Ulisema kifungo ya mutoto imeanguka. Mi nilitafuta ile kifungo. Nilitafuta kweli. Hakukuwa kifungo?"

"Hakukuwa."

"Na ku harusi ya jirani yetu Julie, vile ulikaa tena chini?"

"Ata kule."

Alirudi akakaa. Valentin aliisukuma fomu mbali. Alimweleza kwamba kanuni hazimruhusu kumfanyia mkewe mahojiano, kwamba kesho atampeleka kwa muzee Laurent, mwanasaikolojia wa hospitali, mtu mzima, mwenye kuelewa.

"Tena mutu mwingine," alisema Eugénie.

"Ya matibabu, ndiyo. Lakini leo hakuna fomu." Alisogeza kiti. "Ulilala aje?"

Eugénie alifungua mdomo kufanya mzaha, ulikuwa tayari, mzuri kabisa, juu ya mume anayekoroma kwa Kifaransa. Akauacha. Akasema hakulala. Akasema kuanzia lini. Kwa karibu saa mbili alieleza, na Valentin alingoja kila palipohitaji kungoja, na mara moja tu alitoa kitambaa, akajifuta yeye.

Walirudi kwa miguu, njia ya mawe meusi, jua limekaa kichwani. Shati la bluu lilikuwa limelowa mgongoni. Walipofika karibu na Murara, Eugénie alijisikia mwepesi kiasi cha kutaka kujua mambo.

"Na weye?" akauliza. "Weye uko ngapi?"

"Mi?"

"Si unalalaka macho wazi. Ninakuonaka. Nilifikiri uko nawaza Olive."

Valentin alicheka kidogo, halafu akaacha. "Siku ya kujaribu maulizo, kabla tuanze, tulijazishana. Olive aliniuliza yote."

Eugénie alisimama katikati ya njia. Pikipiki ilimpigia honi, ikamzunguka. Alitetemeka, akashika mkono wa mumewe, lakini hakukaa chini.

"Olive alikuuliza. Yote vingt et une, ishirini na moja."

"Ilikuwa jaribio, Eugénie."

"Ile fomu iko wapi?"

"Ku kabati ya chuo, na zile zingine. Haina jina. Hautaijua."

"Mi siyo weye. Nitaijua." Akaanza kutembea, akihesabu kwa vidole. "Ya kukosa kutulia, uliandika un. Ya kukasirika bure, deux, juu unajua watoto wangekushitaki. Ya kuogopa bila sababu, uliandika zéro."

Valentin alipunguza hatua.

"Zéro, ao hapana?"

"Zéro."

"Na ulipoambiwa jenerali gani sijui amefika wapi, ulijifungia ku choo nusu saa, ukafungulia maji ili nisisikie. Maji hayakuwa na pressio hata, Valentin. Nilisikia yote."

Valentin alitazama mawe ya njia. Akasema kwamba, kwa kweli, ilikuwa trois.

"Kwa hiyo Olive ulimudanganya," alisema Eugénie.

"Nilimudanganya."

"Na mi umeniambia."

"Ndiyo."

Eugénie alimkaza mkono mumewe, wakapita mbele ya nyumba za watu hivyo hivyo, mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alimhurumia yule mwanamke mwenye kikohozi kule Rutshuru.